Karamu Kumi na Nne kwa Mkwe Asiyeruhusiwa Kula

Thongpiny, Juba
Jumapili, 26 Oktoba 2008

Dada Nyapal,

Mkurugenzi wetu, Bwana Severino, alitangaza Ijumaa saa tatu asubuhi kwamba kuanzia tarehe 14 Novemba hadi tarehe 23 Desemba kituo chetu cha redio kitahudhuria karamu kumi na nne za kufunga mwaka, na kwamba mtangazaji atakayekosa hata moja atakosa pia kipindi chake Januari. Orodha ameibandika ukutani, kando ya mlango wa studio. Jina langu limo katika zote kumi na nne.

Samahani kwa kutanguliza habari kabla ya salamu. Najua utanisema. Mimi ni mzima, malaria ya Septemba imeniacha. Mvua haijaisha na njia ya kwenda Lemon Gaba haipitiki kwa pikipiki. Nyakuoth, mchumba wangu, huenda shuleni kufundisha amebeba viatu mkononi. Mwaka huu darasa lake lina watoto tisini na wawili na madawati kumi. Anakusalimu sana, na anauliza kama Lilly wako yuko tayari kwa mtihani.

Sasa hizo karamu. Huko Kitale Krismasi ni siku moja. Hapa ni mwezi na wiki moja. Tangu amani itiwe saini, kila idara, kila shirika, kila mkandarasi na kila kwaya lazima ifanye karamu yake kabla ya sikukuu, na karamu isiyo na redio huhesabiwa haikufanyika. Utaratibu haubadiliki. Kadi inasema saa sita. Mgeni rasmi anafika saa nane na nusu. Mbele wanawekewa wakubwa makochi, nyuma viti vya plastiki. Hotuba ni tisa, na kila msemaji anaomba itifaki izingatiwe kisha anataja wakubwa wote upya kwa majina. Chakula kinapoa. Halafu mwenye kipaza sauti anaita watu mezani kwa makundi: wakubwa, wageni wa mashirika, kisha "ndugu zetu wa habari". Mwaka jana mwenzetu mmoja aliacha sahani yake bila kuigusa, na mwenyeji akampigia Severino simu akidai amedharauliwa mbele za watu. Ndiyo maana amri ya mwaka huu ina mambo matatu: kufika, kukaa, na kula.

Taabu yangu ni kwamba mpishi wa karamu kumi na moja kati ya hizo ni Mama Nyakuoth, mama mkwe wangu mtarajiwa. Ana wanawake tisa wanaomsaidia, na yeye mwenyewe husimama nyuma ya meza na upawa mkononi.

Nilimfuata Severino ofisini. Nilimweleza kwamba kwetu mwanamume aliyeposa hawezi kula machoni pa mama mkwe, wala mama mkwe machoni pake, mpaka wazee wa pande mbili wakutane, upande wa mume ulete mbuzi na useme maneno yake, na mama mwenyewe amwekee mkwe chakula mbele ya watu; ndipo haya inatolewa. Kabla ya hapo, wakikutana penye chakula mmoja hujiondoa. Severino ni mtu wa Kajo-Keji aliyekulia Adjumani. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ya Thok, kwetu mkwe anachinjiwa kuku, na asipommaliza tunamrudisha kwao."

"Kwetu sivyo."

"Basi kula ukiwa umegeuka."

"Nigeukie wapi? Hema lina pande nne, na mama yule anatembea."

"Khalas, yamekwisha. Orodha ni orodha. Wewe ndiye sauti ambayo wenyeji wanaijua. Nikimpeleka mwingine wanasema nimewaletea mwanafunzi."

Dada, nakuomba uje Juba kabla ya tarehe 14 Novemba. Hakuna mkubwa mwingine aliyebaki wa kunisemea. Mbuzi nitamtafuta mimi. Ni kikao cha asubuhi moja. Nijibu kwa mkono wa Loro, dereva aliyekuletea barua hii; lori lake linageuza huko wiki ijayo. Usipige simu, mtandao wa hapa unakata kabla mtu hajamaliza kusalimu.

Mdogo wako,
Thok


Kitale
4 Novemba 2008

Mdogo wangu Thok,

Salamu kwanza. Mimi nilikufundisha kusalimu kabla sijakufundisha kufunga kamba za viatu, leo unaniletea mkurugenzi mlangoni hata sijaketi. Sisi tuko salama. Mahindi tumevuna nusu, nusu bado yamesimama kwa sababu ya mvua. Lilly anaanza mtihani wa darasa la nane wiki ijayo na amekataa kula asubuhi. Sikumlazimisha. Mwambie Nyakuoth asante kwa kuuliza, na mwambie miguu yake nayo ni mali, anunue gambuti.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Huyo Severino wako ni mtu wa namna gani? Mtoto hulazimishwa uji. Mgonjwa hulazimishwa dawa. Mtu mzima mwenye ndevu analazimishwa pilau na ofisi? Na hao wenyeji wanaohesabu nani amekula na nani hakula, wanakaribisha wageni au wanalisha ng'ombe wa mnada? Tulipokuwa tukitamani sherehe hatukuwa na chakula. Sasa chakula kipo na wamekigeuza kuwa zamu.

Fanya hivi. Fika mapema, mshike mwenyeji mkono, chukua kinasa sauti chako na usimame langoni. Wakiitwa kula, wewe mhoji mtu. Chagua mzee anayependa kusema. Kutakuwa na wengi. Na usile, Thok. Hata kama umeambiwa yule mama hayupo, usile mpaka uwe umetoka nje ya ua. Posa yako ilikubaliwa kwa shida. Watu wa Nyakuoth hawakutaka mtu aliyekulia Kenya, walisema hatujui adabu. Usiwape ushahidi.

Kuhusu mimi kuja, sitakuja. Mtaani Juba Na Bari kuna watu wa kwetu Nasir wengi, tafuta mzee wa ukoo wetu aseme kwa niaba yetu. Sababu usiniulize, na usinihoji kama unavyowahoji wakubwa wako huko. Mimi si mgeni wa kipindi.

Nimempa Loro kopo la asali. Hiyo unaweza kula.

Dada yako,
Nyapal


Thongpiny, Juba
Jumapili, 7 Desemba 2008

Dada Nyapal,

Salamu kutoka kwetu sote. Nimechelewa mwezi mzima kukuandikia, na sina sababu ya kukupa ila kazi. Asali ilifika, ingawa Loro alikiri kwamba kopo lilifunguka njiani "lenyewe". Mvua imekoma, sasa ni vumbi. Nyakuoth amefunga shule. Lilly alimalizaje mtihani?

Karamu kumi zimepita. Nane kati yake zilikuwa za Mama Nyakuoth. Nilifuata shauri lako na lilifaa mara mbili. Mara ya kwanza nilimhoji mzee mmoja wa chama cha wafugaji dakika arobaini wakati watu wakila. Bado ninayo kanda yote na haina hata sentensi moja ya kutangaza. Mara ya pili nilimhoji dereva wa mgeni rasmi. Mara ya tatu mwenyeji alinifuata langoni akaninyang'anya kinasa sauti kwa mapenzi, akaniwekea sahani mkononi. Toka hapo nimekuwa nikimpitishia sahani Rebecca, mwenzangu wa habari za michezo. Rebecca anakula sahani mbili na anasema ameongezeka kilo nne na gauni la Krismasi halimwingii, na kwamba gauni hilo nitalilipa mimi.

Lakini jambo ambalo sikulifikiria ni hili: kutokula kwangu hakutoshi. Nikiingia tu, Mama Nyakuoth akaniona, anafunika uso kwa kitambaa na kutoka nyuma ya hema. Ni lazima afanye hivyo, hawezi kubaki penye chakula nami nipo. Anabaki huko mpaka niondoke, na mimi siruhusiwi kuondoka. Wasaidizi wake ni wachapakazi, lakini hawana macho yake. Tarehe 21 Novemba waliwapa makochi ya mbele nyama yote, viti vya plastiki vikapata mchuzi. Tarehe 28 mikate ya kisra iliisha mezani na ilikuwapo mingine tele ndani ya masinia, hakuna aliyejua. Mwenyeji alimtafuta mpishi mkuu kwa sauti, akaambiwa amekaa kwenye debe nyuma ya jenereta. Alisema mbele za watu kwamba hajawahi kuona mpishi anayekimbia chakula chake. Mama angemwambia nini? Kwamba mkwe yuko kiti cha tatu?

Nilirudi kwa Severino na tarehe hizo mbili zimeandikwa. Nilimwambia simdhuru mtu mwingine ila mama wa mchumba wangu, kila karamu, kwa amri yake Severino. Alisema, "Malesh," yaani pole, kisha akaniuliza kama nimeandaa maneno ya shukrani kwa mkandarasi wa barabara.

Karamu ya mkandarasi ilikuwa juzi Ijumaa, tarehe 5, katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeanza kipindi saa kumi na moja alfajiri. Kadi ilisema saa sita. Hotuba ya kwanza ilianza saa tisa kasoro dakika kumi. Zilikuwa kumi na moja. Mkandarasi mwenyewe alisema dakika hamsini juu ya changarawe. Saa kumi na moja wakubwa waliitwa, wageni wakaitwa, watu wa habari tukaitwa. Karamu iliisha saa moja kasoro robo. Barabara yenyewe bado haina lami.

Bado nakuomba uje. Nimezungumza na wazee wawili wa Juba Na Bari. Mmoja ni mgonjwa, wa pili amesema hawezi kumsemea mtu ambaye dada yake mkubwa yu hai na ana miguu. Hujaniambia kwa nini hutaki.

Mdogo wako,
Thok


Kitale
Jumamosi, 13 Desemba 2008

Thok,

Wote wazima. Mtihani umekwisha, matokeo hayajatoka. Salamu ni hizo.

Kurasa zako tatu zimejaa saa na dakika. Umehesabu hotuba, umehesabu kilo za Rebecca, umeniambia barabara haina lami. Kuna neno moja hukuandika. "Watu wa habari tukaitwa." Kisha? Mkaitwa mkafanya nini?

Nilimuuliza Loro alipokuwa akinywa chai hapa jikoni. Kumbe alikuwapo, alikuwa anashusha makreti ya soda. Hakutaka kusema, akajifanya chai ni ya moto. Nikamwambia hapati chapati ya pili. Hivi ndivyo alivyosema, nakuandikia kama alivyosema yeye:

"Mama, mimi iko natoa soda kwa gari. Mimi naona Thok nasimama kwa meza. Ile mkubwa yake nashika maikrofoni, naita yeye jina. Thok nakula. Nakula samaki. Si kidogo, mama, samaki mzima! Na ile mama nakuja na sinia, nasimama hapa, Thok iko hapa. Karibu kama mimi na wewe. Mama naweka sinia chini, nakwenda mpaka barabara. Hata kitambaa hakuchukua."

"Na Thok?"

"Thok namaliza."

Thok namaliza! Mimi nimekaa hapa wiki nzima nikiwaambia majirani mdogo wangu anashindana na ofisi kama simba, kumbe simba amekwisha shiba. Na hukuona aibu kuniandikia juu ya changarawe. Kama unafanya hivi redioni, kusema kila kitu isipokuwa habari yenyewe, basi sijui watu wa Juba wanasikiliza nini.

Sasa niambie mambo matatu na usinizungushe. Kwa nini ulikula? Wamesemaje wao? Nyakuoth yuko upande gani?

Na usirudie kuniomba nije. Umeongeza mzigo juu ya mtu ambaye alikwisha kukwambia hawezi kuubeba.

Nyapal


Thongpiny, Juba
Alhamisi, 18 Desemba 2008

Dada Nyapal,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nyakuoth ni mzima. Nitajibu kwa mpangilio uliouliza.

Kwa nini nilikula. Severino alichukua kipaza sauti akasema, "Redio isiyokula inamshuku mwenyeji wake. Thok, tuonyeshe." Watu wakapiga makofi. Hilo ni kweli, lakini si sababu yote. Ningeweza kushika sahani na kusimama tu. Sikuwa nimekula tangu saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimekasirika, na nilitazama nyuma ya meza, sikumwona mama. Nilijiambia yuko nyuma ya jenereta kama kawaida, basi acha nile haraka. Sikujua kwamba baada ya lile lililotokea tarehe 28 aliamua kuwa atatoka tu wakati wa hotuba, na chakula kikifunguliwa atarudi kuleta sinia mwenyewe, kwa sababu alihesabu kwamba mimi nitakuwa langoni na kinasa sauti. Yeye aliniamini mimi langoni, mimi nikamwamini yeye nyuma ya jenereta. Loro ametia chumvi. Samaki hakuwa mzima, alikuwa nusu, upande wa mkia. Lakini ni kweli nilimmaliza. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya.

Wamesemaje. Baba mdogo wa Nyakuoth, ambaye ndiye msemaji wao tangu baba yake afe vitani, aliniita Jumatatu tarehe 8. Alisema posa imesimama. Halafu akasema la pili, ambalo sikulitegemea: Mama Nyakuoth asipike tena kwenye karamu za watu mpaka jambo hili liishe, kwa kuwa huko ndiko anakokutana na mkwe. Nilimwambia kosa ni langu, jiko la mama limekosa nini? Akasema, "Kijana, wewe ulikula. Waliokula hawaulizi maswali."

Ijumaa tarehe 12 wanawake tisa walipika bila yeye. Wali ulikuwa mbichi. Mwenyeji ametangaza kwamba mwakani atatafuta mpishi mwingine. Jana ilikuwa karamu iliyopikwa na wapishi wengine, nilikwenda, nilikaa, sikula.

Nyakuoth yuko upande gani. Alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, akabaki amesimama. Alisema mama yake amemtuma maneno, nayo ni haya, niliyaandika palepale:

"Mwambie Thok, ile haya ilikuwa yetu wawili, ituheshimishe mimi na yeye. Shemeji yangu ameifanya kufuli ya jiko langu. Nimelisha watoto watano kwa jiko hilo Khartoum na Malakal, halikumdhuru mtu. Jumamosi tarehe 20 na Jumanne tarehe 23 nitapika. Shemeji aseme atakalo. Lakini Thok asikanyage hapo. Nikimwona, nitaacha upawa na posa imekufa, sitamlilia."

Nikauliza, "Na wewe, unasemaje?"

Nyakuoth akasema, "Mimi nasema ulikula samaki wa mama yangu kabla hujamwoa binti yake. Wengine huanza na binti."

Hakucheka, ila alikaa.

Kuna sharti moja zaidi. Baba mdogo anarudi Malakal katikati ya Januari. Amekubali kusikiliza upande wetu mara moja kabla hajaondoka. Mama amemwambia hatamsikiliza mzee wa kuazima kutoka Juba Na Bari. Anamtaka aliyenilea.

Nikikosa tarehe 20 na 23, napoteza kipindi. Severino amelisema tena leo mbele ya Rebecca. Uliniambia nisikuombe, kwa hiyo siombi. Nimekueleza tu hali ilivyo.

Thok


Kitale
Jumatatu, 22 Desemba 2008

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimenunua unga na kilo mbili za nyama, Krismasi yetu ni hiyo, na hakuna aliyetupa kadi. Loro amefika jana jioni na anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo nitaandika upesi.

Ulimuuliza yule baba mdogo swali zuri. Ningekuwapo ningemuuliza mengine. Mwanamke amelisha mji, leo anafungiwa jiko kwa sababu mwanamume mmoja alikula na mwanamume mwingine alimwamrisha ale! Wote wawili wanaendelea kula. Aliyeacha kazi ni yeye.

Sasa nitakwambia kwa nini siji, ili usidhani ni kiburi. Lokichoggio, mwaka wa tisini na mbili, tulipovuka mpaka kuingia Kenya. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, utakumbuka sufuria moja na watu kumi na mmoja. Riek alikuwa amenioa kwa ng'ombe wawili tu, wengine waliporwa, na wazee hawakupata kukutana ili atolewe haya mbele ya mama yetu. Siku ya tatu bila chakula tulipewa unga. Riek alikula mbele ya mama. Ile sufuria ilikuwa katikati yao. Mama alifunika uso. Watu wetu waliokuwapo walisema ndoa yangu ni ya mbwa, na mimi nikayapokea kama walivyoyasema. Mama alikufa miaka miwili baadaye, Riek naye akafa, na hakuna aliyewahi kuchinja mbuzi wala kusema neno. Nilikulea ukila na kila mtu kwenye sinia moja kwa sababu nyumbani kwangu ile sheria ilikwisha kuvunjika. Sikukufundisha nisilokuwa nalo.

Nikisimama mbele ya watu wale niseme mdogo wangu amekosa haya, mzee yeyote ataniuliza: wewe ya kwako ilitolewa lini? Nitasema nini?

Mwambie Mama Nyakuoth yote haya kama nilivyoyaandika, usipunguze. Akisema bado ananitaka mimi, nitakuja. Akinyamaza, niandikie kwamba amenyamaza. Usiniletee habari iliyopikwa.

Na tarehe 20 imekwisha pita. Sijui ulifanya nini. Niambie ukweli mara ya kwanza safari hii.

Dada yako,
Nyapal


Thongpiny, Juba
Jumatatu, 29 Desemba 2008

Dada Nyapal,

Heri ya Krismasi iliyopita. Mimi ni mzima. Nilikula maharage ya ful na mkate kwa jirani, hapakuwa na hotuba. Barua hii naituma kwa kondakta wa basi la Kampala kwa sababu Loro anakaa Juba mpaka mwaka mpya.

Tarehe 20 sikwenda. Asubuhi ya tarehe 19 nilimwandikia Severino barua ya mistari minne: kwamba sitahudhuria karamu mbili zilizobaki, kwamba kuwapo kwangu kunamwondoa mpishi kwenye kazi yake, kwamba kula si sehemu ya mkataba wangu, na kwamba nakala nimeipeleka kwa wenyeji wote wawili ili wasidhani wamedharauliwa. Mwenyeji mmoja alinipigia simu kunishukuru. Alisema naye ana karamu tisa za kwenda na hajui jinsi ya kuzikataa. Severino aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Ya Thok, umepoteza asubuhi kwa ajili ya mama mkwe." Tarehe 23 sikwenda pia. Kuanzia Januari mosi kipindi cha asubuhi ni cha Rebecca. Mimi nimepelekwa kwenye matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea, saa nane mchana. Rebecca amelia, halafu ameniuliza mafaili yako wapi.

Mama Nyakuoth alipika siku zote mbili, na alisimama mezani mpaka mwisho. Nimeyathibitisha hayo kwa watu watatu waliokuwapo, Rebecca akiwa wa tatu. Baba mdogo alikwenda tarehe 20 kumzuia. Alimkuta anapakua, akapewa sahani, akakaa.

Barua yako Loro aliniletea jana. Nilimsomea Nyakuoth yote, yeye akaenda akamwambia mama yake yote. Mama alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: baada ya Riek kula, mama yetu alipata chakula siku ile? Nyakuoth alirudi kuniuliza. Nilikuwapo, na ninakumbuka. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye foleni ya maji. Riek alichota mara mbili, akasimama, akaisogeza sufuria mpaka miguuni pa mama yetu, akatoka nje na kutufukuza sisi sote tumfuate. Tuliporudi Mama alikuwa amekula. Sikukwambia kwa sababu hukuwahi kuniuliza, na nilidhani unajua.

Jibu la Mama Nyakuoth, kama lilivyoletwa: "Basi mkwe yule alijua haya kuliko waliomtukana. Alimwachia mama mkwe sufuria. Wa kwangu hakuniachia hata mfupa. Mwambie Nyapal namtaka yeye. Mzee akimuuliza ya kwake ilitolewa lini, mimi ndiye nitakayejibu."

Hakunyamaza.

Kikao ni Jumamosi, tarehe 10 Januari 2009, saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba mdogo, Lemon Gaba. Mbuzi yupo. Basi linatoka Kampala Alhamisi tarehe 8 saa kumi na moja jioni na hupita Nimule alfajiri. Ijumaa ni sikukuu ya amani na barabara za mjini zitafungwa mpaka mchana, kwa hiyo ushuke kituo cha Custom, nitakuwa hapo. Baba mdogo amesema kikao kitaanza saa nne kamili na hakitamngojea mtu.

Thok